Refa Akikosea, Atuambie

Ulikuwa macho asubuhi ile ya Jumapili, Januari 29, 2023? Boston na Lakers wako sawa 105-105, zimebaki sekunde tu, LeBron James anapanda kufunga na Jayson Tatum anamgonga mkono. Kila mwenye simu aliona, hata msee wa hapa Kalamba aliyekuwa akitazama kwa bando ya kubahatisha, picha ikikwama-kwama. Marefa watatu waliokuwa uwanjani hawakuona. Filimbi kimya. Patrick Beverley akachukua kamera ya mpigapicha amwonyeshe refa ushahidi, akapewa faulo ya kiufundi! Lakers wakalala katika muda wa ziada, 125-121.

Sikukumbushi ili ucheke. Angalia kilichofuata. Mechi ilipoisha, kiongozi wa marefa alikiri kwamba walikosea. Na tangu 2015 NBA huchapisha ripoti ya dakika mbili za mwisho za mechi zilizobanana: uamuzi huu ulikuwa sawa, huu haukuwa, hapa filimbi ilipaswa kulia. Matokeo hayabadiliki, na wachezaji wengine huiona ripoti hiyo kama pole ya matanga. Lakini angalau unabaki ukijua hukuota.

Kwetu kosa la refa linafia uwanjani. Majuzi nilitazama mechi hapa Kalamba, kiwanja cha vumbi, ringi bila wavu, na refa ambaye siku za wiki ni mwalimu wa hesabu. Robo ya kwanza alipuliza kila mguso. Ukimpumulia mtu tu, faulo. Robo ya nne kijana akasukumwa hadi akaangukia mashabiki, na refa akapunga mkono: endeleeni! Pale benchi alikaa mwenzake aliyekuwa ameshatolewa kwa faulo tano, karibu zote za kugusagusa, akitazama madhambi makubwa kuliko yake yakipita bure. Alikuwa anacheka. Kile kicheko cha mtu aliyechoka.

Hebu nimtetee refa kidogo. Sheria hazisemi kila mguso ni faulo. Zinamtaka apime kama mguso ule umempa mmoja faida au umemnyima mwingine nafasi, na anapima akikimbia, mara moja, bila marudio. Atakosea tu. Kinachouma ni kipimo kugeuka mechi ikiendelea, halafu hakuna wa kukueleza kwa nini.

Na usiseme ni mambo ya kijijini. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder walikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Basketboli Afrika. Vijana wa hapa waliona. Wanajua pia kwamba ngazi yao inaanzia michezo ya shule ya muhula wa kwanza, na ukitolewa mapema, hakuna kocha wa Nairobi atakayepanda matatu kuja kukutafuta Makueni.

Pasipo maelezo, watu hujijazia wenyewe. "Refa amekula." Siku hizi kila mtu ana mkeka kwenye simu, kwa hivyo maneno hayo yanashika moto haraka. Wala si ndoto: mwaka 2008 Tim Donaghy, refa wa NBA, alihukumiwa miezi 15 jela katika kesi ya kamari iliyohusu hata mechi alizochezesha mwenyewe.

Hatuombi mitambo ya Marekani. Kabla ya mechi, refa awaambie manahodha atakavyopuliza. Baada ya mechi, akae na makocha wote wawili dakika kumi, watazame video ya simu, na aliyekosea aseme. Waandalizi waandike kwenye ripoti ya mechi. Gharama yake ni chai.

Na wewe uliyekuwa pembeni ukipiga kelele huku ukirekodi ya TikTok, ile video usiifute bana. Mpelekee kocha.