Pedi, Picha, Kwisha? Vile Vijana wa Mtaa Wanasaidia Wasichana Kusoma, na Penye Bado Tunachoma

Weekendi ukipita Mathare, Kibera ama Mukuru, si ajabu upatane na vijana wa tisheti zinafanana, wamebeba katoni za pedi wakielekea shule fulani. Hao si watu wa NGO kubwa na magari meupe. Ni wasee wa kampasi, na wengine walimaliza kitambo na bado wanatafuta job. Walichanga soo soo kwa grupu ya WhatsApp hadi ikafika. Kabla uwachekelee ati wanatafuta laiki, jua wanaziba shimo ambalo serikali ilisema ishaziba.

Tuangalie rekodi. 2004 Kenya ilitoa VAT kwa pedi. 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa, serikali ikabeba jukumu la kumpa kila msichana wa shule aliyebaleghe pedi za bure na za kutosha. Kwa karatasi hiyo ni fiti kabisa. Mtaani, zikikosa kufika mwezi mmoja, hedhi haingojei tenda ipitishwe. Na aibu bado iko. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti na doa kwa suruali, akaambiwa atoke. Kama mheshimiwa anaweza kutolewa nje, huyo wa gredi ya saba Korogocho ataambiwa nini na wenzake?

Lakini pedi ni mwanzo tu, na hapa ndio wengi wetu tunachoma.

Bure yenye bei

Shule ya msingi ilifanywa bure 2003, na sekondari za kutwa zikafuata 2008. Hesabu ya sekondari ni serikali kutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sasa, 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba pesa haitoshi, labda 16,900 hivi. Makelele yakawa mob, serikali ikasema elimu itabaki bure. Sawa. Lakini shule ikikosa hiyo karibu 5,300, unadhani inaitisha nani? Inaitisha mathe anayeuza sukuma. Ongeza yunifomu, lunch na pesa ya mtihani. Doh ikiwa ya mtoto mmoja na wako watatu, mara nyingi msichana ndiye anaambiwa "wewe ngoja kidogo." Hiyo kidogo inaweza kuwa mwaka.

Kuna wale watasema mambo ya wasichana yaliisha, sasa ni zamu ya boychild. Ni kweli, KCSE ya 2024 wasichana walizidi wavulana kidogo kwa idadi ya waliofanya. Hiyo ni habari njema, na boychild pia anahitaji kushikwa mkono. Lakini hesabu ya nchi nzima huficha mambo. Utafiti wa serikali wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulipata asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Nyeri na Nyandarua ni asilimia 5. Samburu ni 50. Nusu! West Pokot ni 36. Yaani nchi ni moja, lakini pahali ulizaliwa panaamua kama utamaliza shule.

Nini inafanya kazi

Ukiangalia wale wamedumu, hawakuanza na chapaa. Kennedy Odede alianzisha SHOFCO Kibera 2004 akiwa kijana tu, na mpira wa mbao. Miaka mitano baadaye, 2009, wakafungua shule ya bure ya wasichana. Jane Anyango wa Polycom, huko huko Kibera, aliweka masanduku ndani ya shule. Msichana anaandika kinachomsumbua, anatumbukiza karatasi, na si lazima aweke jina. Hapo ndio mambo mazito yalianza kutoka, ya watu wanaowasumbua njiani na hata nyumbani. Hakuna katoni ya pedi ingewahi kukuambia hayo.

Hao wote wana kitu kimoja: walirudi. Wiki ijayo na mwaka ujao bado wako.

Na kuna kazi haiitishi pesa kubwa. Msichana aliyezaa ana haki ya kurudi shule. Hiyo sera imekuwa tangu 1994, na miongozo mipya ikatolewa 2020. Lakini mathe wake anaweza kukosa kujua, na mwalimu mkuu akimwambia "hakuna nafasi," anarudi nyumbani akilia. Hapo anahitaji mtu mmoja mwenye rada, amsindikize hadi ofisini akiwa na hiyo miongozo mkononi. Mwingine anahitaji tu mtu wa kumfunza hesabu likizo, ama wa kuulizia basari kwa ofisi ya CDF kabla deadline ipite.

Sasa hiyo picha

Tuongee ukweli bila kukasirikiana. Kupiga msichana wa miaka 13 picha ameshika pakiti ya pedi halafu kuiposti si msaada. Kesho darasa lote linamjua kama yule wa pedi za bure. Na sheria iko: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi akubali kwanza. 2023 shule moja ya Uthiru ilipigwa faini ya zaidi ya milioni 4.5 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Kikundi chenu kiko na hiyo ganji? Pigeni picha katoni na risiti, mlionyeshe mchango ulienda wapi. Inatosha.

Najua mtu atauliza, mbona vijana hawana kazi ndio wafanye kazi ya serikali? Swali liko sawa, na Woman Rep na MCA wako wanafaa kuulizwa pesa za pedi na basari zilienda wapi. Waulize ukiwa na majina ya shule na tarehe za mwisho pedi zilifika. Hizo ni vitu ambazo vijana wanaoingia shule kila wiki ndio wanaweza kujua.

Kama uko na kikundi, chagueni shule moja tu, si kumi. Rudini kila mwezi. Anza na ile iko karibu na kwako, ndio fare isiwe sababu ya kuacha. Wewe mtaani kwako, ni shule gani?