Haki za Mabaharia, Lakini Wepi?

Mhadhiri wangu wa historia, kabla karo haijanitoa chuoni, aliipenda sana ile vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Akiisimulia ungedhani ni Daudi na Goliathi: nchi changa yenye manowari zisizofika 20 inakabili jeshi la majini lenye mamia. Ati Marekani ilipigania haki za mabaharia. Darasa zima tukaandika hivyo. Hata mimi niliandika, na nikapewa alama.

Leo wacha nifute.

Uonevu ulikuwepo, sikatai. Uingereza ilikuwa ikipigana na Napoleon na ilihitaji watu wa kuendesha meli. Mshahara duni, viboko, chakula kibovu, nani angejipeleka? Basi wakakamata watu. Waliwabeba raia wao wenyewe kwa nguvu bandarini, kisha wakawa wanasimamisha meli za Marekani baharini na kumchukua yeyote waliyedai ni Mwingereza. Wamarekani zaidi ya 6,000 walibebwa hivyo. Huo ni utekaji, bana, hauna jina lingine.

Tarehe 22 Juni 1807, nje ya pwani ya Virginia, HMS Leopard iliimiminia USS Chesapeake mizinga, ikaua watu watatu na kuondoka na mabaharia wanne. Mmoja, Jenkin Ratford, alikuwa Mwingereza kweli, walimnyonga. Watatu walikuwa Wamarekani. Na hapa mhadhiri alipita mbio: wawili kati ya hao, William Ware na Daniel Martin, hawakuwa Wazungu. Ware alifia mikononi mwa Waingereza. Marekani nzima iliwaka hasira, na Rais Thomas Jefferson, mmiliki wa mamia ya watumwa, akadai watu wake warudishwe.

Sasa ruka hadi Aprili 1814, vita imeshakolea. Admirali Alexander Cochrane wa Uingereza anatangaza kwamba anayetaka kuhama Marekani atapokewa melini, ajiunge na jeshi au apewe makao kama mtu huru. Hakutaja watumwa. Hakukuwa na haja, walimwelewa. Watu wakaanza kutoroka usiku kwa mitumbwi, mama na watoto wao, wakizifuata taa za manowari. Kufikia mwisho wa vita, kama 4,000 walikuwa wameondoka. Baadhi walivaa sare za Uingereza na kurudi kupigana na mabwana zao.

Msinielewe vibaya, siisifu Uingereza. Manowari za taji hilohilo zililinda Jamaica na Barbados, ambako Waingereza wenyewe walikuwa na watumwa. Cochrane alitaka kumuumiza adui, basi. Lakini ukiwa shamba la tumbaku Virginia, hukai kumhoji mwenye mashua nia yake.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Ghent tarehe 24 Desemba 1814. Kuhusu mabaharia waliotekwa, ile sababu kuu ya vita, haukusema neno. Hata moja! Watumwa, kumbe, wamo katika ibara ya kwanza kabisa, wamepangwa pamoja na mali nyingine ya watu binafsi isiyopaswa kubebwa. Marekani ilidai wakimbizi hao kwa miaka. Uingereza ikakataa kuwarudisha, kesi ikapelekwa kwa mfalme wa Urusi (naye alitawala mamilioni ya watu waliofungwa kwenye mashamba ya makabaila, lakini tuyaache), akaamua upande wa Marekani. Mwaka 1826 Uingereza ikakubali kulipa dola 1,204,960. Pesa zikaenda kwa wenye watumwa.

Soma tena polepole. Nchi iliyoingia vitani kwa sababu watu wake waliibwa baharini ilidai fidia, na ikalipwa, kwa sababu watu walijiiba wenyewe kwa kupitia bahari hiyohiyo. Halafu mimi nipewe alama kwa kuandika "haki".

Wanajeshi mia kadhaa kati ya wale waliotoroka walipewa ardhi kusini mwa Trinidad, pamoja na familia zao. Waliitwa Merikins. Vijiji vyao vilibeba majina ya vikosi vyao, na hadi leo kuna Third Company, kuna Fifth Company, na wajukuu wa wajukuu wao bado wanaishi huko. Darasani kwetu hawakutajwa.