SUKARI YA BEI RAHISI ITALIWA NA NANI?



Ipo sauti inazunguka vibarazani, tena inapigiwa makofi: eti bei zikipanda, duka letu la ushirika liendelee kuuza sukari kwa bei ya zamani, kwa sababu ushirika si bepari. Maneno matamu, lakini yatatuua. Tuyapinge hadharani kabla ya mkutano mkuu.

Kwanza tuelewane. Sukari ikipanda peke yake, huo ni uhaba wa sukari: wanaoitaka wengi, iliyopo kidogo. Unga, mafuta, sabuni na nauli vikipanda vyote, mwezi hadi mwezi, huo ndio mfumuko wa bei: shilingi yenyewe imepungua nguvu.

Uhaba tuliuona mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zilizuia miwa kuvunwa. Januari serikali ikatangaza bei kikomo. Je, kutoka Mbagala hadi Tandale sukari ilipatikana kwa bei hiyo? Jamani, tusidanganyane! Kilo ilifika shilingi 4,000 na zaidi, na maduka mengine yakasema haipo. Tangazo halikuongeza hata punje moja.

Mfumuko wanaukumbuka wazee. Mafuta ya petroli yalipanda, vita ya Kagera ya 1978–79 ikala fedha, serikali ikatumia kuliko ilivyokusanya na kukopa benki. Noti zikazidi, bidhaa zikapungua. Tume ya Bei ilipanga bei za maelfu ya bidhaa, rafu zikabaki tupu, sabuni ikanunuliwa kwa magendo. Mwaka 1983 wahujumu uchumi walisakwa. Bidhaa zilizofichwa zikatoka, zikaisha. Mwaka 1984 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 30. Mlanguzi alikuwa kupe, ndiyo. Lakini kupe hanenepi bila damu, na damu yake ni ile tofauti kati ya bei ya kupangwa na bei ya mlango wa nyuma.

Sasa hesabu. Tuseme duka linanunua kilo kwa 3,500 na kuuza 2,800. Kila kilo tunatupa 700. Mfuko wa kilo 50 ni 35,000. Mifuko kumi ni 350,000. Safari ijayo tutanunua kwa kitu gani? Na atakayefaidi si mama mwenye 1,000 ya robo kilo. Ni yule mwenye guta na fedha taslimu, atakayebeba mifuko alfajiri akauze gengeni kwa 4,000. Ushirika utamlipa mlanguzi kwa fedha za wanachama!

Na sisi je? Tukisikia sukari inaadimika, mtu wa kilo moja anabeba kumi. Uhaba wa wiki tunaufanya wa mwezi. Kuficha sukari uvunguni nako ni ulanguzi.

Kwa hiyo mkutano uamue:

1. Duka liuze kwa gharama ya kununua na kusafirisha, pamoja na faida ndogo iliyopitishwa na wanachama.
2. Stakabadhi za manunuzi zibandikwe ukutani hapa, kila mtu asome.
3. Wakati wa uhaba, kilo 2 kwa kaya kwa wiki, awe mwenyekiti, awe mchuuzi wa maandazi.
4. Mlango wa nyuma ufungwe!

Anayepinga aje na hesabu, asije na makofi.

Ushirika ni mtaji. Tukiula leo, kesho tutakopa kwa mlanguzi!

Kamati ya Elimu