"YATADONDOKA TU": Sentensi inayowaozesha watoto wetu meno

1/ Leo sina upole, akina mama mtanisamehe. Juzi nimempokea mtoto wa miaka 4, shavu limevimba, homa juu, siku tatu hali wala halali. Mama analia. Bibi anamtuliza: "Si ya utoto hayo, yatadondoka tu." Hiyo sentensi ndo nimekuja kugombana nayo.

2/ Tupige hesabu. Jino la kwanza huota karibu na miezi 6. Akifika miaka 3, mtoto huwa na meno 20. Ya mbele huanza kudondoka karibu na miaka 6, sawa. Lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12! Gego likioza ana miaka 4, unamwambia avumilie miaka 6 mingine? Halafu sikia hii: karibu na miaka 6 huota gego la ukubwani, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi wanadhani nalo ni la utoto. Hilo likioza, hakuna jingine linalokuja.

3/ Adui mwenyewe ni ukoga. Ule utando laini, unaonata, unaukuta ukikwangua jino kwa ukucha karibu na fizi. Ni bakteria hao. Wanakula sukari, wanatoa asidi, asidi inalila jino kidogo kidogo. Na sukari sio pipi tu. Ni chai, juisi, biskuti, uji uliotiwa sukari, na ile chupa anayolala nayo mdomoni. Usiku mate hupungua, kwa hiyo kinachobaki mdomoni hakuna wa kukiosha.

4/ "Nesi, mimi namsugua kwa limao na mkaa, nimeona kwenye video." Mama, acha. Limao ni asidi, yaani unamsaidia adui kazi. Mkaa, majivu na mchanga vinakwaruza jino. Linaonekana jeupe leo, kesho linakufa ganzi kwa maji ya baridi. Na ukoga ukishakaa ukagandamana na madini ya mate, unakuwa ugaga, mgumu kama jiwe. Huo hautoki kwa mswaki, wala usiuchokonoe kwa pini. Ni kazi ya daktari wa meno.

5/ Ndugu zangu wa Arusha, Kilimanjaro na kwingine kwenye maji yenye floraidi nyingi: ile rangi ya kahawia iliyoingia ndani ya jino sio uchafu. Usimsugue mtoto mpaka atoke damu, haitatoka. Wala usimwambie ni mchafu.

6/ "Lakini huwa namwambia akapige mswaki." Unamwambia! Mtoto asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake ataufikisha vipi mswaki kwenye gego la nyuma? Anatafuna mswaki, anameza dawa, anakuja anakuonesha meno ya mbele. Unamsifia. Mpaka miaka 7 au 8, mswaki wa mtoto ni mkono wa mzazi. Na nimesema mzazi. Baba, ukirudi jioni una mikono miwili.

7/ Namna yenyewe. Anza jino la kwanza likitokeza. Mlaze kichwa mapajani mwako, au asimame mbele yako akiegemeza kichwa kwako. Inua mdomo wa juu. Mswaki mdogo, laini. Dawa yenye floraidi: chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele, kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Sugua taratibu pale jino linapokutana na fizi, nje, ndani, juu ya magego. Dakika 2, mara 2 kwa siku. Ya usiku usiiache kabisa, na baada yake ni maji tu. Ateme, asisukutue.

8/ "Dawa ya watoto ni ghali." Sio lazima iwe ya watoto. Ya familia yenye floraidi inafaa kwa vipimo hivyo, ila mtie wewe, asijitilie. Mswaki wa mti? Siudharau, wazee wetu wa pwani wamefika mbali nao. Ila kwenye kinywa kidogo magego ya nyuma haufiki vizuri.

9/ Na sisi manesi tusijifiche. Mtoto analetwa kliniki miezi 9, analetwa miezi 18. Tunapima uzito, tunachoma sindano, tunajaza kadi, "mwingine!" Mdomo hatufungui. Halafu akija amevimba tunamgombeza mama. Huo sio uungwana. Mama, ukija kliniki sema: "Nesi, mwangalie na meno." Akinuna, mrudie.

10/ Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Wote hao kuna mahali mtu aliwaambia yatadondoka.

Usiku wa leo, kabla hajalala, washa tochi ya simu, inua mdomo wake wa juu. Ukiona mstari mweupe kama chaki karibu na fizi, jino limeanza kuharibika, na hapo bado linaokoleka. Mpeleke, na mswaki usikose tena hata usiku mmoja. Ukiona shimo, usisubiri avimbe.

Mtumie na bibi yake hii, kwa heshima zote.