Hakuna Mlima wa Tatu

Wako ndugu zetu wasemao, "Mimi sikukataa kumtii Mungu, nangoja kwanza." Maneno haya nayasikia hata vinywani mwa waalimu wenzangu, nami nayapinga.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, Musa aliwaagiza Waisraeli kwamba wakiisha kuvuka Yordani wasimame katika milima miwili, ile iliyo pande mbili za mji uitwao leo Nablus. Kabila 6 zisimame Gerizimu kwa ajili ya baraka, na kabila 6 Ebali kwa ajili ya laana. Zihesabu, ndugu msomaji. Ni 12 zote, wala hapana hata moja iliyopewa mahali pa kungojea.

Tena zisikilize laana zenyewe. Walawi walipaswa kuzitamka kwa sauti kuu, na kwa kila moja watu wote waitike Amina, wa Gerizimu pamoja na wa Ebali. Je, alilaaniwa nani? Hakutajwa aliyekosa ibada, wala aliyepunguza sadaka. Alitajwa awekaye sanamu sirini, na ampotezaye kipofu njiani, na ampigaye jirani yake kwa siri, na apotoaye hukumu ya mgeni, yatima na mjane. Naye alitajwa aondoaye mpaka wa jirani yake.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Kwetu Kilimanjaro mpaka hupandwa masale, mmea ule ule ambao Mchaga humpelekea mwenziwe akimwomba msamaha. Namjua mtu aketiye mbele kanisani, asiyekosa Jumapili hata moja. Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, masale yake yalionekana hatua tatu ndani ya shamba la mjane jirani yake. Nilipomwendea alinijibu kwa upole, "Sijakataa kuyarudisha, mwalimu. Ngoja kwanza." Kisha akaniambia kwamba habari za mashamba si habari za dini. Si za dini! Walawi basi walipaza sauti kwa ajili ya nini?

Yoshua naye, katika sura ya 24 ya kitabu chake, aliwaambia watu wachague siku ile ile. Wala hakuwasifu walipojibu upesi. Aliwaambia kwamba hawawezi, hata wakasisitiza.

Mvua mbili zimepita tangu siku ile. Watoto wawili wa mjane wameacha shule, wanalima vibarua. Masale yamekwisha kushika mizizi.