DAFTARI LA FEDHA HALIJUI CHEO



Wako wanenao ya kwamba afisa wa jeshi asisumbuliwe kwa fedha za Serikali zilizopotea chini ya amri yake, kwa kuwa cheo chake chatosha kuwa dhamana. Neno hili twalikataa kabisa. Karani akipungukiwa na shilingi tano sandukuni huulizwa siku ile ile. Je, mwenye nyota mabegani angojewe miaka?

Tazameni habari za Kapteni Oberlin Carter, mhandisi wa jeshi la Marekani, aliyesimamia kazi za bandari ya Savannah. Mwaka 1898 alishtakiwa mbele ya korti ya jeshi kwa kula njama na makontrakta Greene na Gaynor ili kuipunja Serikali. Akaonekana ana hatia: afukuzwe jeshini, alipe faini ya dola 5,000, afungwe miaka 5 kwa kazi ngumu. Lakini hukumu hiyo ililala hata Septemba 1899, ndipo Rais McKinley alipoithibitisha. Ni karani gani aliyepata kungojewa hivyo?

Hata hivyo Serikali haikuridhika na kifungo tu. Ilizifuata na fedha zenyewe. Mwaka 1910 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ilikata neno ambalo yatupasa kulishika: mtumishi aliyejipatia faida ya siri katika kazi aliyoaminiwa hana budi kuirudisha, hata kama hasara ya bwana wake haikuthibitishwa. Basi asemaye, "Kazi ilifanyika, hasara iko wapi?" amekwisha jibiwa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, mwenye kuamuru malipo atie sahihi kwa mkono wake, asijifiche nyuma ya kalamu ya karani. Pili, asihamishwe wala kupandishwa cheo kabla hesabu zake hazijakaguliwa. Tatu, upungufu ukionekana, aulizwe kwanza aliyetoa amri, ndipo aulizwe aliyeiandika.

Wala hatumwombei msamaha karani mwizi, naye aadhibiwe. Twataka mizani iwe moja kwa wote. Wazee walinena, mwenye nguvu mpishe. Vema, na tumpishe njiani. Lakini katika daftari la fedha za watu wote asipishwe mtu.