Gitare nayo ni desturi

Katika mikutano yetu wazee wanasema: "Ile ni makelele ya wazungu, haiko desturi." Sisi tunakataa.

Ng'ambo ya Kasumbalesa, katika miji ya shaba ya Zambia, vijana wa miaka ya 1970 walipiga roki yenye gitare za kunguruma na kuzungusha kichwa. Watu wanaiita Zamrock. Kikundi cha WITCH, chenye mwimbaji Emanuel "Jagari" Chanda, kilitoa sahani Lazy Bones!! mwaka 1975. Kisha bei ya shaba ikaanguka, ukimwi ukabeba wapigaji wengi, naye Jagari akaenda kuchimba mawe ya thamani. Mwaka 2012 kampuni ya Marekani, Now-Again, ndiyo ilitoa upya muziki wao katika sanduku moja. Tunafurahi, lakini haya nayo iko.

Wazee wetu, Mwenda Jean Bosco alipopiga Masanga kule Jadotville, Likasi ya leo, ni Mwingereza Hugh Tracey aliyemrekodi, mwaka 1952. Nayo gitare ilitoka kwa wazungu. Leo nani atathubutu kusema Masanga haiko yetu? Desturi ni kitu watu wamekishika na kukifanya chao.

Basi, kaseti za orkestre zetu za Lubumbashi ziko wapi? Ziko chini ya kitanda, panya wanakula. Chama kitafute kabati kavu, tuandike majina ya wapigaji wangali hai. Tukingoja mgeni, kesho tutanunua sauti za baba zetu kwa dola.